Picha yangu ya odisheni hainifanani: mpiga picha wa kuaminika Malindi au Lamu nitamjuaje?

1. BintiSabaki (Malindi)
Asalam aleikum wanajamvi. Mimi ni mwigizaji. Nilianzia michezo ya shule, na huu ni mwaka wa tatu nahangaikia kazi za filamu na matangazo. Wiki mbili nyuma niliitwa Mombasa kwenye odisheni, waliniita kwa kuiona picha niliyowatumia. Nilipofika mlangoni, mama aliyeshika orodha akaitazama simu yake, akanitazama mimi, akairudia simu, kisha akaniuliza: "Dadako hakuja?"

Nikamwambia ni mimi. Akanigeuzia simu nione. Wallahi nilishtuka. Nilikuwa nimeizoea picha ile kwenye simu yangu, lakini kuiona mkononi mwa mtu mwingine nikaona kila kitu: doa langu la kuzaliwa shavuni halipo, ngozi imekuwa kama maziwa ya unga, pua nyembamba ya kuchongwa. Nilisoma mistari yangu moyo ukiwa ushatoka. Hawakunipigia tena.

Picha ile nililipa 7,500 kwa mpiga picha mmoja wa Shella. Nilimwamini kwa ukurasa wake uliojaa picha nzuri. Sasa nataka kupiga upya na pesa zenyewe ni za kudunduliza. Mtu anayetaka hedishoti, ile picha ya uso na mabega anayotumiwa mteuzi wa waigizaji, anamjuaje mpiga picha mwaminifu kabla hajampa pesa? Na kosa hapa ni la nani?

2. JahaziLaAmu
Pole sana dadangu. Lakini Shela ipi hiyo? Mimi nimezaliwa Shela, naijua nyumba kwa nyumba, hapana mpiga picha wa studio.

3. BintiSabaki
Shella ya Malindi kaka, mji wa kale. Si ya kwenu Lamu.

4. JahaziLaAmu
Haya. Jina letu mmelichukua, basi angalau mlitunze.

5. KameraYaHarusi
Nitasema ukweli hata mkinitukana. Mimi napiga harusi kutoka Malindi na Watamu hadi Kilifi, mwaka wa tisa huu. Nikimpelekea bibi harusi picha zake alivyo, swali la kwanza ni "mbona hukunitakatisha?" Kuna mama alikataa kunimalizia pesa mpaka nikamwondolea bintiye weusi wa vifundo vya vidole. Vidole! Kwa hiyo mpiga picha wa huku akikaa kwenye kompyuta, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kung'arisha. Si mwizi, amefunzwa na wateja. Dada, ulimwambia picha ni za nini?

6. BintiSabaki
Nilimwambia "za kuigizia". Akajibu "sawa, za umodo".

7. MwalimuWaJukwaa
Hapo ndipo palipoharibika. Nimefundisha drama shule za upili miaka mingi na kila mwaka namwona mtoto mmoja au wawili anaingia mtego huo.

Picha ya modo inauza nguo au urembo. Hedishoti ni ahadi kwamba huyu unayemwona ndiye atakayeingia mlangoni. Mteuzi anatafuta mama wa miaka 40 mwenye uso wa uchovu, au kijana mwenye kovu. Ukimfutia kovu lake umemfutia kazi yake. Chunusi iliyotoka jana, iondoe, wiki ijayo haitakuwepo. Doa la kuzaliwa, mwanya, kovu, mvi, mikunjo ya macho: hivyo haviguswi. Mpiga picha asiyejua tofauti ya hivyo viwili, hata awe na kamera ya laki tatu, si wako.

Jingine. Huko Marekani hedishoti ya kuchapishwa ina kipimo chake, inchi 8 kwa 10, imesimama wima. Siku hizi nyingi zinatazamwa kwanza zikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kwenye safu moja na za wengine. Kwa hiyo macho yawe makali, uso ujae, nguo ya rangi moja isiyo na maandishi. Mistari myembamba ya shati huleta mawimbi kwenye picha, iepuke. Na uwe nazo mbili angalau: moja ya tabasamu kwa matangazo, moja ya utulivu kwa tamthilia.

Kuhusu kumjua: usitazame picha kumi za watu kumi. Mwombe akuonyeshe picha kumi za mtu mmoja, za siku moja. Picha moja nzuri kwa kila mteja huenda ni bahati. Kumi za mtu mmoja zitakuonyesha kama anajua kuongea na uso wa mtu mpaka ufunguke.

8. ChumbaChaGiza
Wanangu, mimi nimestaafu. Nilikuwa na kistudio hapa Malindi enzi za negativu, nikisafisha picha nyeusi na nyeupe mwenyewe nyuma ya pazia zito. Nataka kuliongelea lile la pua. Huenda hakuichonga kwa kompyuta. Lenzi pana hutia pua kubwa, lenzi ndefu hupunguza pua. Mwigizaji huyu amezoea kujiona kwenye selfi, na simu ina lenzi pana. Akipigwa kwa lenzi ndefu ataona pua imekuwa nyembamba, kumbe ndiyo yake.

9. FundiLenzi
Kwa heshima Babu, naomba nikosoe kidogo. Lenzi yenyewe haibadilishi uso. Kinachobadilisha ni umbali. Kamera ikiwa sentimita 40 kutoka usoni, pua iko karibu nayo kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, basi pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Ukirudi mita moja na nusu au mbili, tofauti ile inapungua na uso unakaa sawa. Lenzi ya milimita 85 inapendwa kwa kuwa inakulazimisha usimame mbali ndipo kichwa na mabega vienee. Kwenye kamera ambazo sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, lenzi ya milimita 50 inakaribia kufanya kazi hiyo hiyo.

Jaribuni leo kwa simu. Jipige selfi mkono ukiwa umeukunja, kisha mwambie mwenzako arudi hatua tatu, avute picha, akupige tena. Zitazameni pamoja.

10. ChumbaChaGiza
Ahsante mwanangu, umenikosoa sawa. Sisi tulikuwa tukisema ni lenzi kwa sababu lenzi ndiyo iliyokuamulia usimame wapi.

11. BintiSabaki
Nimejaribu na mdogo wangu. Kweli kabisa, kwenye selfi pua inajaa. Lakini hata ile ya hatua tatu haifanani na ya studio. Ya studio bado imechongwa.

12. MkaaSokoni
Na weupe je? Babu atueleze, maana hata picha za kitambulisho watu wa Pwani tunatoka kama majivu au kama masizi, katikati hakuna.

13. ChumbaChaGiza
Hilo ni la zamani. Filamu za rangi zilipoingia, kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi ya kupimia rangi, na aliyekuwa kwenye kadi ni mwanamke wa kizungu. Iliitwa kadi ya Shirley. Fundi akiweka mashine mpaka ngozi ya yule mama iwe nzuri, amemaliza. Sisi tukiingia kwenye picha moja na yeye, tunabaki meno na macho. Miaka mingi ilipita kabla kadi hazijatiwa watu wa rangi nyingine. Nina picha ya harusi ya dadangu, wageni wawili wa kizungu wametoka vizuri na yeye bibi harusi mwenyewe amesawijika. Naiweka mpaka leo.

14. FundiLenzi
Hilo ni kweli kwa filamu, Babu. Kwa kamera za sasa kuna jingine ambalo naliona kila siku. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, haijui kama inamtazama mtu. Inataka mwanga wote ukijumlishwa uwe kijivu cha katikati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kama kuta zile za Lamu: kamera inaona weupe mwingi, inabana mwanga, uso unakuwa masizi. Fundi akirudi nyumbani anavuta mwanga juu kwa kompyuta, ngozi inatoka majivu. Mvishe buibui jeusi mbele ya pazia jeusi, inakuwa kinyume: kamera inafungua mwanga kupita kiasi na uso unaungua.

15. BintiSabaki
Nilivaa buibui jeusi. Pazia lilikuwa jeusi.

16. MkaaSokoni
Basi kesi imekwisha, ni mita.

17. MwalimuWaJukwaa
Haijaisha. Mita haiondoi doa la shavuni na kuacha nyusi nyeusi tii. Hapo pana mkono wa mtu.

18. KameraYaHarusi
Nakubali na mwalimu. Kuna programu, hata za simu, unabonyeza mara moja tu: ngozi inalainishwa, pua inabanwa, madoa yanaondoka, yote kwa pamoja. Huenda jamaa hakuchonga chochote kwa makusudi. Alibonyeza.

19. MvuviWaNgomeni
Niulize kitu. Dada, umesema ulimwamini kwa ukurasa wake. Ulikuwa na picha gani hasa?

20. BintiSabaki
Iliyonivuta zaidi ni msichana amesimama ufuoni, jua linazama baharini nyuma yake, mawimbi yana rangi ya dhahabu, nywele zinapepea. Chini imeandikwa Malindi.

21. MvuviWaNgomeni
Jua linazama baharini Malindi? Dadangu, sisi bahari yetu iko mashariki. Tunatoka alfajiri jua likituchoma machoni, tukirudi jioni linazamia upande wa bara, nyuma ya minazi. Hiyo picha haikupigwa hapa.

22. JahaziLaAmu
Usimhukumu mtu kwa hilo peke yake. Mida Creek, pale Watamu, jua linazama juu ya maji na watu wanakwenda makusudi kulitazama.

23. MvuviWaNgomeni
Kweli, Mida linazama juu ya hori na mikoko. Lakini dada amesema mawimbi. Mida hakuna mawimbi ya kumwaga povu.

24. BintiSabaki
Ni mawimbi makubwa, na povu.

25. FundiLenzi
Fanya hivi: hifadhi ile picha, kisha iingize kwenye Google utafute kwa picha badala ya maneno. Itakuonyesha mahali pengine ilipowekwa.

26. BintiSabaki
Nimerudi. Nimetetemeka kidogo. Picha ipo kwenye ukurasa wa mpiga picha wa Ureno, pamoja na nyingine za msichana yule yule, ufuo ule ule. Nimezijaribu na nyingine nne za jamaa wa Shella. Mbili ni za watu wengine pia. Mbili sikuzipata popote, pengine ni zake kweli.

27. MkaaSokoni
Mreno tena, Malindi! Tangu Vasco da Gama atie nanga 1498 na kutuachia nguzo, hatujamaliza nao.

28. KameraYaHarusi
Hapa mimi sina utetezi. Kuediti kupita kiasi ni tabia, mtu huachishwa. Kuweka kazi ya mwenzako na kuandika Malindi ni wizi, na unatuharibia jina sote tunaoamka saa kumi usiku kubeba mataa.

29. UmmuWaMambrui
Mmeongea lenzi na mwanga, mmesahau kwamba anayeuliza ni binti. Mimi nilianza kwa matangazo ya sabuni miaka minane iliyopita. Mpiga picha wa kwanza alitaka tukutane kwenye chumba cha nyumba ya wageni, saa moja usiku, "kwa sababu taa za humo ni nzuri". Nilikwenda na kakangu. Alipomwona akakunja uso, akasema msanii hawezi kufunguka mbele ya ndugu. Dakika kumi baadaye akanitaka nilegeze mtandio "mabega yaonekane". Tuliondoka. Arubuni yangu ya 3,000 haikurudi, na sikuililia.

Tangu siku ile swali langu la kwanza kwenye simu ni moja: "Naweza kuja na mtu?" Mwaminifu anajibu ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Anayeanza kunieleza kwa nini haiwezekani, namshukuru nakata simu.

30. FundiLenzi
Nakuelewa dada, na mlango wangu uko wazi. Lakini niseme ya upande wetu: kuna binti alikuja na shangazi watatu. Kila nikimwambia acheke, anatazama kwanza kwa shangazi. Saa nzima sikupata uso wake, nilipata uso wa mtu anayetazamwa.

31. UmmuWaMambrui
Basi mkalishe shangazi nyuma ya mgongo wa binti, anaona kila kitu na binti hamwoni. Mimi ndivyo nifanyavyo.

32. FundiLenzi
Hiyo sikuwahi kuifikiria. Naichukua.

33. MwambaoLondon
Salamu kutoka baridini. Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Langoni, binti yangu anaigiza huku. Uingereza waigizaji wana orodha yao, Spotlight, ipo tangu 1927 na siku hizi iko mtandaoni. Watu wa kazi huku wana onyo moja wanalolirudia: wakala akikwambia nitakuchukua, lakini lazima upige picha kwa fulani na ulipie kupitia kwangu, kimbia. Wakala wa kweli anakula asilimia ya kazi aliyokupatia. Anayekula kwenye picha hana haja na kazi yako. Kule California wameitungia hata sheria, ilianza kutumika Januari 2010, inakataza kumtoza msanii ada ya mapema kwa ahadi ya kumtafutia kazi.

34. KijanaWaMtangani
Laiti ningeisoma hii kabla. Walikuja watu kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, wakasema wanatafuta vipaji. Tulipanga foleni kutoka asubuhi. Nilipoingia yule bwana alinishika kidevu, akageuza uso wangu kulia, kushoto, akasema "una sura ya kimataifa". Kisha ikaja bei: 15,000 za picha, kwa mpiga picha wao, siku ile ile. Nilimpigia mamangu akauza mbuzi. Picha nilipewa, sita, kwenye CD. Nyumbani hatuna mashine ya kusoma CD. Nilipoenda kuzifungua saiba, nne zilikuwa zile zile zimegeuzwa rangi. Namba zao zilizimwa wiki iliyofuata.

35. UmmuWaMambrui
Pole mwanangu. Mbuzi wa mama anauma kuliko pesa.

36. MkaaSokoni
Kuna kurudishiwa pesa za M-Pesa, unatuma ule ujumbe wa muamala kwa 456.

37. KijanaWaMtangani
Nililipa taslimu kaka.

38. KameraYaHarusi
Na hata kwa M-Pesa, 456 ni ya kutuma kimakosa, tena uwahi kabla mwenzako hajazitoa. Haikuundwa kwa ajili ya kazi mbaya. Lipeni nusu, nusu ya pili mkishazitazama picha zote. Mimi nafanya hivyo na sijafa njaa.

39. MkaaSokoni
Lingine: picha ni za nani? Nimesoma mtandaoni kwamba picha ni mali ya aliyebonyeza kamera, mteja anakodishiwa tu. Kwa hiyo dada hata akitaka yule jamaa azifute hana nguvu.

40. SheriaNaBaraza
Hiyo ni kanuni ya Marekani, watu wengi wanaichanganya. Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii, hakimiliki inahesabiwa kuhamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Ndiyo maana ile karatasi ndogo mnayopewa kusaini mkiwa mnafurahia vipodozi ni muhimu kuisoma: "vingine" huwa vimeandikwa humo.

Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Uso wako ni data yako. Mtu akiuweka kwenye tangazo bila idhini unaweza kumshtaki kwa Kamishna wa Data. Mwaka 2023 ofisi hiyo ilikitoza kilabu kimoja cha starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake.

41. KameraYaHarusi
Lakini sisi ukurasa ndio duka letu. Nisipoweka picha za wateja, huyo dada atanijuaje?

42. SheriaNaBaraza
Omba. Mstari mmoja wa maandishi, na mteja awe na ruhusa ya kusema hapana bila bei kupanda.

43. UmmuWaMambrui
Hili la 42 ni kubwa kwetu tunaojisitiri. Kuna kazi inahitaji nionekane bila mtandio, nitapiga, mteuzi aione. Si ndugu zangu wa Mambrui waione kwenye ukurasa wa mtu. Mimi nauliza kadi ya kamera itakaa wapi, nani mwingine anatumia kompyuta ile, na zitafutwa lini. Wengine wananiona mkorofi. Mmoja tu, mwanamke, aliniambia "kaa hapa nikifuta utazame", akafuta mbele yangu. Nimempelekea wasichana saba mpaka sasa.

44. MwalimuWaJukwaa
Narudi kwa BintiSabaki, na nisikuudhi mwanangu. Tumelaumu mpiga picha, lenzi, mita, bibi harusi na Mreno. Lakini una hakika hawakukupigia kwa sababu ya picha? Picha ndiyo iliyokuita. Ndani ya chumba kilichosemwa ni mistari.

45. BintiSabaki
Mwalimu, nimelifikiria sana usiku. Mstari wa pili niliuruka. Lakini niliuruka kwa sababu bado nilikuwa nasikia "dadako hakuja". Siwezi kuvitenganisha.

46. FundiLenzi
Na mimi niongeze la mwisho la ufundi. Ulituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida? WhatsApp inaibana, maelezo madogo ya ngozi yanapotea. Tuma kama faili la hati. Haliwezi kurudisha doa lililofutwa, lakini walau litakalokuwepo halitaliwa njiani.

47. BintiSabaki
Nilituma kawaida. Sikujua.

48. JahaziLaAmu
Njoo upigie Lamu. Vichochoro vya mji wa kale, milango ya nakshi, mwanga mwororo mchana kutwa kwa kuwa nyumba zinasogeleana.

49. MkaaSokoni
Au Gede, kwenye magofu. Sasa yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 2024, picha itakuwa na hadhi.

50. MwalimuWaJukwaa
Gede iko chini ya Makumbusho ya Taifa, ukienda na kamera za kazi uliza kibali kwanza. Lakini kwa nini? Mteuzi hatafuti mlango wala gofu. Ukimpa mlango wa Lamu atautazama mlango.

51. JahaziLaAmu
Na ni haki yake, ni mlango mzuri.

52. ChumbaChaGiza
Binti, nikupe la bure. Huhitaji hata studio. Tafuta baraza inayotazama uwazi, ukae kivulini hatua moja ndani ya ukingo wa paa, uso uelekee nje kwenye mbingu, si kwenye jua. Asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja, ila jioni yetu ni fupi, ukichelewa kiza kimeingia. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili. Usikae chini ya mwarobaini, majani yanatia ukijani ngozini. Turubai la bluu ndilo baya zaidi, utatoka mgonjwa. Mtu akushikie kanga nyeupe au shuka chini ya kifua, mwanga urudi juu ujaze kivuli cha kidevu. Nilikuwa nafanya hivyo kwa picha za pasipoti umeme ukikatika, na watu walisafiri nazo.

Halafu tazama macho kwenye picha. Mkiikuza, ndani ya mboni muone kidirisha cheupe kidogo, ni mbingu hiyo. Kisipokuwepo, macho yamekufa, pigeni tena.

53. FundiLenzi
Babu, hiyo ni somo la muhula mzima.

54. BintiSabaki
Nimeinakili kwenye daftari yote. Nimempigia mmoja wa Barani niliyeelekezwa na rafiki. Nimemuuliza kama naweza kuja na mtu, akasema ndiyo haraka. Nimemwomba picha kumi za mtu mmoja, ametuma kumi na mbili, na mtu mwenyewe namjua, ni muuza nguo wa sokoni, kovu lake la nyusi liko kwenye picha zote. Anataka 5,000, nusu kabla. Nimemwambia habanwi mtu pua, akacheka akasema hajui hata kuibana. Jumapili saa moja asubuhi, barazani kwa shangazi. Shangazi atakaa nyuma yangu.

Swali dogo: blauzi ya kijani iliyokoza au ya kahawia?

55. MwalimuWaJukwaa
Kijani iliyokoza, ikiwa haina mng'aro. Na mistari ya majaribio ijayo, nikurekodie sauti ya mwenzako wa mazungumzo uzoee, niandikie inbox.

56. UmmuWaMambrui
Kahawia kwa ngozi yake itamezwa na ukuta wa shangazi kama ni wa udongo. Beba zote mbili.

57. KameraYaHarusi
Nimesoma uzi huu wote mara mbili. Naomba kijana wa Mtangani, namba 34, nimpige picha bila malipo wiki ijayo. Sijawahi kupiga hedishoti, nitafuata ya Babu na ya mwalimu.

58. SheriaNaBaraza
Bila malipo yenye karatasi, au bila malipo isiyo na karatasi?

59. KameraYaHarusi
Yenye karatasi. Niandikie wewe, mimi nitasaini wa kwanza.

60. KijanaWaMtangani
Nashukuru sana kaka. Naweza kuja na mama?